Ukurasa wa Winnie Umekuwa Mzito

Mzee Selestini Luhaga ni mtu wa mizani. Alipima pamba miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha kuchambulia hapa Bariadi, na katika miaka yote hiyo hakuna mkulima aliyefanikiwa kumharakisha. Mtu alitoka Dutwa na baiskeli, magunia mawili nyuma, jua la saa saba linamchoma utosi, na bado Selestini alisimama mikono nyuma akisubiri mshale utulie kabisa. Wenzake walimtania kwamba anasubiri mshale umwamkie kwanza. Yeye alicheka, akaendelea kusubiri. Hata baada ya kustaafu hakubadilika. Chai yake huipoza mpaka inzi wanakata tamaa, na salamu yake haiishi mpaka amekuuliza habari za ng'ombe uliowauza mwaka juzi.

Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia kitu fulani kinakawia, ujue kinakawia kweli. Ndiyo maana fundi Danford, mwenye kibanda cha kompyuta karibu na stendi, alishtuka kidogo Alhamisi moja ya mwezi wa sita alipopokea simu yake.

"Danford, ukurasa wa Winnie umekuwa mzito. Dakika mbili, siku nyingine nne, kiduara kinazunguka tu. Njoo unitazamie. Jumamosi nina mgeni."

Winnie alikuwa binti yake, na mtoto wake wa pekee. Alifundisha kompyuta sekondari, akaolewa na Method wa kule Dutwa, na miaka minne iliyopita alijifungua mtoto wa kike asubuhi, jioni akafariki. Mimi nalisema kwa mstari mmoja kwa sababu Selestini mwenyewe hulisema hivyo hivyo, kisha hutazama pembeni, na aliye na adabu hamuulizi zaidi.

Kabla ya hapo Winnie alikuwa ametengeneza tovuti. Wazo lilimjia darasani, siku alipomwambia mwanafunzi mmoja asimame aonyeshe anavyowasalimia wazee kwa Kisukuma. Kijana, Msukuma wa baba na mama, akasema "Mwangaluka" kwa kujiamini kabisa, saa kumi jioni. Hiyo ni salamu ya asubuhi. Winnie alicheka mpaka akakaa, ila alipofika nyumbani hakuwa anacheka tena. Akasema hawa watoto wetu watakwenda kwa bibi zao na "mambo vipi" mpaka lini? Basi akarekodi salamu zote, za asubuhi, za mchana, za kumwamkia baba mkwe, za kuingia kwenye mji wa watu. Kila baada ya swali aliacha kimya kidogo ili anayejifunza apate nafasi ya kuitikia.

Alirekodia nyumbani kwa wazazi wake, mtaa wa Somanda, milango imefungwa na majirani wameombwa utulivu. Haikusaidia sana. Kwenye salamu ya asubuhi jogoo anasikika, na katikati ya kuulizia habari za nyumbani kifuniko cha sufuria kinaanguka jikoni kwa kishindo, na Winnie anapiga kelele, "Mama!" Kisha anacheka, anakohoa, anaendelea. Baba yake alimwambia arekodi upya. Akakataa. Alisema nyumba isiyo na kelele za sufuria haina mtu wa kusalimiwa.

Akaifungua ile tovuti kwenye kompyuta ya mezani ya baba yake, akamwonyesha pa kubonyeza. Mzee akauliza, na hii mashine ikiharibika je? Winnie akamjibu, "Haiko humu, baba. Iko mtandaoni. Haipotei."

Neno hilo Selestini alilishika mpaka leo, na mimi simlaumu. Mtoto wako aliyesoma akikwambia kitu hakipotei, utabishana naye kwa elimu gani?

Baada ya matanga, vitu vya marehemu viligawanywa kama kawaida yetu. Nguo zikaenda kwa shangazi zake wa Mwamanyili, kompyuta yake ya mkononi akapewa wifi yake, ikasafishwa ianze upya, na simu ikaenda kwa binamu huko Kimali ambako haikumaliza mwaka. Mtoto alibaki kwao, kwa baba yake Dutwa, akaitwa Lucy. Selestini hakudai kitu. Alisema yeye fungu lake liko mtandaoni.

Tangu hapo, kila siku saa moja asubuhi, alinawa uso, akavaa shati, akakaa mbele ya kompyuta na kubonyeza. Winnie akasema, "Mwangaluka." Kimya. Selestini akaitikia, "Mwangaluka, mayu," akimwita mama, kama baba yeyote wa Kisukuma anavyomwita binti yake. Winnie akauliza, "Mhola?" yaani kwema? Selestini akajibu, "Mhola duhu," kwema tu. Akaulizwa habari za nyumbani, akajibu. Akaulizwa za ng'ombe, akajibu, ingawa ng'ombe hana tena. Salamu nzima ilichukua dakika moja na nusu. Akazima, akaenda kunywa chai.

Mkewe, Mama Wilhelmina, au Mama Winnie kama mumewe anavyomwita, hakuwahi kukaa naye. Kompyuta ikiwashwa tu, yeye hubeba karai la vyombo na kutoka uani. Selestini aliamini kwamba mkewe hawezi kuvumilia kuisikia ile sauti, na kwa heshima hakumuuliza. Miaka minne, mmoja ndani, mwingine nje, na ukuta wa matofali katikati yao.

Sasa nirudi nyuma kidogo, mwezi wa pili mwaka huu, maana ndiko mambo yalikoharibikia.

Unazijua zile jumbe za matapeli. Ile hela tuma kwenye namba hii. Umeshinda zawadi, piga simu upesi. Mzee Mayige, jirani yao, aliwahi kupoteza hela ya fahali mzima kwa sauti nyororo ya dada mmoja asiyejulikana. Tangu siku hiyo Selestini alijiapiza kwamba yeye hawatamweza. Alikuwa na miwani maalumu ya kusomea jumbe hizo, na kufuta kwake alikufanya kwa raha, kama mtu anayeponda kupe.

Basi mwezi wa pili ukaingia ujumbe: Ndugu mteja, tovuti zote zinahamishiwa kwenye mashine mpya, bonyeza hapa kuthibitisha kabla ya tarehe ishirini na nane, ambazo hazitathibitishwa zitafutwa. Selestini akacheka kwa sauti. Akaenda nao kijiweni, akausoma mbele ya watu huku Mayige akitikisa kichwa. "Oneni hawa! Bonyeza hapa! Wanadhani mimi mtoto?" Akafuta. Wiki iliyofuata ukaja tena, akafuta. Ukaja mara ya tatu, na siku hiyo hakuusoma hata mpaka mwisho.

Alichokuwa amesahau ni maneno ambayo Winnie alimwambia akiwa na mimba ya miezi minane, amelala ubavu kwenye kochi, miguu imevimba. "Baba, kwenye ile tovuti nimeweka namba yako. Simu yangu inasumbua. Wakikutumia ujumbe uniambie." Mzee akasema sawa. Kisha yakatokea yaliyotokea, na nani angekumbuka mambo ya namba?

Mwezi wa tatu ukurasa ukaanza kuwa mzito. Mwanzoni Selestini hakujali, kusubiri ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Kisha akadhani ni bando, akaongeza bando. Akadhani ni vumbi, akapuliza nyuma ya mashine mpaka akakohoa. Akaihamishia meza dirishani ili ishike mtandao vizuri. Akazima, akawasha, akaishoneshea kitambaa cha kuifunika. Kiduara kiliendelea kuzunguka, dakika mbili, tatu, nne, kisha ghafla Winnie huyo, "Mwangaluka," kama hakuna kilichotokea. Kwa kuwa mwishowe alifika kila siku, baba yake alimvumilia.

Kilichomtoa kwenye uvumilivu ni Lucy.

Mtoto alikuwa ametimiza miaka minne, na huko Dutwa alianza kuuliza maswali. Siku moja alimuuliza bibi yake mzaa baba, "Mama yangu alikuwa anaongeaje?" Bibi akampigia Selestini. Mzee akajibu haraka kuliko alivyowahi kujibu kitu maishani mwake. "Mleteni. Mama yake yupo hapa, atamwamkia." Kisha kwa wiki tatu nzima, kila jioni, alimfundisha mjukuu wake kwa simu namna ya kuitikia. Akisema mwangaluka, nawe sema mwangaluka. Akisema mhola, sema mhola duhu. Lucy alishika upesi. Alianza kuitikia kabla hajaulizwa, na babu yake akamwambia asubiri, mama huwa anaacha nafasi.

Wangemleta Jumamosi, kwa basi la asubuhi. Na Selestini alitaka kitu kimoja tu duniani: mtoto akikaa kwenye kile kiti, mama yake amwamkie papo hapo. Mtoto wa miaka minne huwezi kumkalisha dakika nne akitazama kiduara. Atashuka, ataomba maji, atakimbilia kuku, na siku yenyewe itakuwa imepita.

Danford akaja Ijumaa asubuhi, kofia kichwani, begi la vifaa begani.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu kiti. Nyumbani hawajambo? Mama yako mguu unaendeleaje? Na yule mdogo wako wa Maswa?"

Danford alijibu yote, maana anamjua. Kisha akakaa kwenye kompyuta na kuanza kazi. Akafungua ukurasa wa habari, ukafunguka mara moja. Akafungua wa matokeo ya mpira, hivyo hivyo.

"Mtandao mzima, mzee. Na mashine yenyewe siyo mbaya. Ni huu ukurasa peke yake."

Akaubonyeza. Kiduara kikaanza. Mama Wilhelmina akabeba karai lake akatoka. Wanaume wawili wakakaa wakitazama, na Selestini hakuonyesha dalili ya kuchoka, mikono kaiweka magotini. Baada ya dakika tatu na ushee sauti ikatoka. Mwangaluka. Danford alifundishwa na Winnie kidato cha tatu. Alivua kofia bila kujijua, na sufuria ilipoanguka na Winnie kuita "Mama!" akainamisha uso.

Ilipokwisha akajikohoza. "Brauza yako imejaa, mzee. Imejikusanyia mambo ya miaka mingi, haijawahi kusafishwa. Mara nyingi ukifuta hayo inapata nguvu. Ila nikuulize, kuna kitu cha muhimu umekihifadhi humu?"

"Humu hakuna kitu. Cha Winnie kiko mtandaoni. Alinihakikishia mwenyewe, hakipotei."

Danford ni fundi mzuri, na moyo wake mzuri. Lakini wazo la kuufungua kwanza ule ukurasa kwenye simu yake, auone unavyoonekana kwingine, halikumjia. Dakika moja tu ingetosha. Najua bado analifikiria jambo hilo, kwa sababu alinisimulia mwenyewe. Siku ile alifika kwenye sehemu ya kufuta, akaweka alama panapotakiwa, kisha akamsogezea mzee kipanya kwa heshima, kwa kuwa mashine ni yake.

"Bonyeza hapo, mzee. Penye neno futa."

Selestini akabonyeza. Akasubiri mpaka mashine ikamaliza, kisha akaufungua ukurasa wa Winnie. Haikuchukua hata sekunde mbili. Kioo kikawa cheupe chote, na katikati maandishi madogo meusi.

"Ahaa!" akasema Selestini kwa furaha. "Umefunguka haraka!"

Danford alisogea karibu na kioo. Alikuwa anasoma yale maandishi. Ukurasa haupatikani. Akabonyeza tena, ukasema vile vile. Akatoa simu yake, akajaribu huko, haupatikani. Akatoka uani, akatafuta namba ya kampuni ya Dar es Salaam iliyokuwa inatunza tovuti za watu, akapiga. Akapokea dada mmoja mwenye adabu zake, akaangalia kwenye kompyuta yake, akasema ndiyo, tovuti hiyo ilikuwepo, ilikuwa kwenye mashine ya zamani, na mashine ya zamani ilizimwa na kufutwa mwezi wa tatu. Wateja wote walitumiwa ujumbe mara tatu. Akamsomea namba waliyoitumia.

Danford akairudia kwa sauti, tarakimu moja moja, huku anaandika kwenye kiganja. Akarudi ndani.

"Mzee, hii namba ni ya nani?"

Selestini alikuwa ameisikia tangu tarakimu ya nne. "Yangu," akasema.

Danford akajaribu kumweleza, taratibu, na mimi nakueleza kama alivyomweleza. Winnie alijua mtandao wa huku kwetu hukatika, kwa hiyo aliitengeneza ile tovuti ijiwekee akiba yake ndani ya kompyuta ya anayeitembelea. Kila asubuhi mashine ilianza kwa kubisha hodi Dar es Salaam. Tangu mwezi wa tatu kule hakukuwa na mtu. Ilibisha, ikangoja, ikabisha tena, kama Winnie alivyoipangia, na ilipochoka ikatoa ile akiba ya nyumbani. Kule kukawia ndiko kulikuwa kubisha hodi. Na Winnie aliyekuwa anamwamkia miezi yote hii alikuwa mle mle ndani, kwenye ile mashine, kwenye yale waliyoyafuta sasa hivi.

"Hayarudi?"

Danford alikuwa na programu za kufufua vitu vilivyofutwa. Alizijaribu moja baada ya nyingine mpaka mchana, jasho linamtoka. Akapata vipande vya picha, robo ya ukurasa, alama ya spika isiyotoa sauti. Saa nane akafunga begi lake. Alikataa chai, na hata kuaga hakuweza vizuri.

Selestini hakulia mbele yake. Alikaa kwenye kiti kile kile, akasema polepole, "Ule ujumbe wao niliusoma mbele za watu, Mama Winnie. Nikacheka."

Mama Wilhelmina alikuwa amesimama mlangoni, karai mkononi. Yeye ndiye aliyelia. Akalitua karai chini, akakaa sakafuni palepale.

"Baba Winnie, mimi nilikuwa nasikia."

"Unasikia nini?"

"Kila siku. Pale nje, chini ya dirisha. Nilikuwa nangoja kifuniko kianguke. Akiniita, naitika. Kila siku naitika, abee. Kisha nasuuza vyombo."

Miaka minne Selestini alimsikitikia mkewe kwa jambo lisilokuwepo, na leo ndiyo amelijua lililokuwepo, siku ambayo hakuna tena wa kumwita. Akashuka kwenye kiti akakaa naye sakafuni, mtu wa miaka sitini na nane, magoti yakimlalamikia.

Walifikiria kupiga simu Dutwa waseme mtoto asije. Walishindwa, kila mmoja akimwachia mwenzake simu. Jumamosi saa nne Lucy akashuka kwenye basi na bibi yake, gauni la njano, nywele zimesukwa siku hiyo hiyo, akiwa na macho yale ya Winnie ambayo mtu anatamani kuyatazama na kuyakwepa kwa wakati mmoja. Hata soda hakuitaka. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akapanda kitini, akaweka mikono magotini kama alivyofundishwa, akamgeukia babu yake.

"Niko tayari."

Usiku kucha Selestini alikuwa amejipanga. Alijiambia, mimi ile salamu naijua yote kwa moyo. Najua anapovuta pumzi, anapoacha kimya, jogoo anapowika, anapokohoa. Nimeisikia zaidi ya mara elfu moja. Nitamsemea. Akavuta kigoda, akakaa kando ya mjukuu wake mbele ya kioo kilichozimwa, akafumba macho amtafute Winnie kichwani.

Maneno yalikuwepo yote, yamepangika kama magunia ghalani. Sauti ndiyo hakuiona. Alijaribu mara ya kwanza, ya pili, na kila aliposikiliza ndani yake, ile "mwangaluka" ilitoka nzito na ya mzee, ya Selestini mwenyewe. Siku moja tu imepita, akawaza, na tayari. Hapo ndipo alipoogopa kweli.

Lakini mtoto anasubiri.

"Mwangaluka," akasema.

"Mwangaluka," akaitikia Lucy.

Akaacha kimya, urefu ule ule. "Mhola?"

"Mhola duhu."

Akamuuliza habari za nyumbani, na mtoto akajibu sawasawa bila kukosea. Alipofika penye kifuniko, Selestini akanyamaza, kwa sababu hapo Winnie huita, na yeye hakuthubutu. Pale mlangoni Mama Wilhelmina alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Kisha akaendelea mpaka kwenye ng'ombe, mpaka mwisho, na Lucy akamaliza vizuri kuliko wanafunzi wote ambao Winnie angeweza kuwafundisha.

Bibi wa Dutwa akapiga makofi. Babu akampangusa mtoto vumbi la safari shavuni, akamwambia amejua, amejua sana.

Lucy alitabasamu. Kisha akageuka tena kwenye kompyuta, akajiweka sawa kitini, akarudisha mikono magotini.

"Haya babu," akasema. "Sasa mama aongee."